Ujira wa Sonara

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mngu, aliyeamrisha mizani isimamishwe kwa uadilifu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Amma baad. Miongoni mwa mambo ambayo watu wa pwani huyafanya mara nyingi wala hawaulizi hukumu yake ni kumpa sonara kazi. Mtu anayeoza binti yake, au anayeoa, au aliyerudi safari na kitu mkononi, hatosheki na mapambo yaliyotundikwa dukani, bali hutaka kidani kifuliwe kwa ajili ya shingo ya mtu wake, au vikuku vya kadiri ya mkono wake, kwa nakshi ambayo hana mwengine. Hilo si baya. Wanawake wamehalalishiwa dhahabu, na mume au baba anayewapamba watu wake kwa mali ya halali hana lawama. Walakin katika kazi hii hupita mambo baina ya mwenye kuagiza na mwenye kufua, mengine ya riba, mengine ya khiyana, mengine ya dhulma tupu, na kila mmoja wa wawili hao hutoka akidhani kwamba mwenziwe ndiye aliyemla. Na asili ya yote ni suala moja ambalo wachache hulitazama: kazi ya mkono wa fundi, thamani yake iko wapi? Iko ndani ya dhahabu, au iko mbali nayo?

Na upigwe mfano wa mtu mmoja, ambaye wa namna yake hakosekani Lamu wala Mombasa, Tanga wala Unguja. Mtu huyu anaoza binti. Ana vikuku vya dhahabu alivyoviacha marehemu mamake, uzani wake tola 10, nazo ni kama gramu 116 na nusu, dhahabu ya karati 22. Avichukua, ampelekea sonara anayefanya kazi peke yake katika kichumba chake, si mwenye duka kubwa la vioo, kwa kuwa mkono wa huyu unasifiwa. Amwonyesha na sura ya kidani alichokiona kwa watu wa Maskati, ameihifadhi katika simu yake, amwambia: "Nataka mfano wa hiki, ila ua la katikati liwe kilua, na mkufu ushuke mpaka hapa." Sonara aketi jioni tatu, achora katika karatasi, afuta, achora tena, hata mwenyewe aridhika. Kisha yaja khabari ya ujira. Sonara auliza, "Na kazi, bwana?" Mtu ajibu kama wajibuvyo wengi: "Wewe fua tu, fundi. Mimi na wewe hatutashindana."

Neno hilo ni tamu kusikika. Lina sura ya ukarimu na ya udugu, na mwenye kulisema hujiona ameonyesha imani. Nalo ndilo lililozaa yote yaliyokuja baadaye.

Baada ya wiki tatu kidani ki tayari, nacho ni kizuri. Chapimwa, chatoka tola 9 na nusu. Mtu anyamaza, atoa noti mbili tatu zilizo mfukoni mwake, azikunja, amtia sonara mkononi, aondoka. Njiani awaza: nusu tola imekwenda wapi? Hata akifika barazani keshasadiki kwamba sonara ni mwizi, na kabla ya adhana ya isha mtaa mzima wajua. Na sonara naye azikunjua zile noti, ahesabu kazi ya wiki tatu, awaambia wenziwe kwamba bwana fulani ni mtu wa maneno matamu na mkono wa birika.

Katika wawili hawa ni nani aliyedhulumu? Huenda hapana mwizi hapo kabisa. Vikuku vya kale vina taka za miaka mingi na vina lehemu ya zamani, na vikitiwa katika kalibu moto hutoa visivyo dhahabu. Tena dhahabu ikipitishwa tupa hutoa vumbi, na vumbi hilo jingine hurudi katika kalibu na jingine hupotea baina ya mbao na mkeka. Yote hayo ni kupunguka kusikokuwa na khiyana, na fundi mwaminifu humwambia mwenye mali tangu siku ya kwanza, akampimia mbele yake, akamwandikia.

Na kwa upande wa pili, uzani kutimia si ushahidi wa amana. Jambo hili wengi hawalijui, na khasara yake ni kubwa kuliko ya nusu tola. Dhahabu ya karati 22 ni mafungu 22 ya dhahabu safi katika mafungu 24, na yaliyobaki ni shaba au fedha. Basi katika tola 10 za karati 22 mna dhahabu safi tola 9 na sudusi. Sonara akiichanganya hata ikawa ya karati 20, akarudisha tola 10 kamili, ndani yake mtakuwa na dhahabu safi tola 8 na thuluthi. Zimetoka karibu gramu 10 za dhahabu safi, na mizani haikutikisika hata kidogo. Mwenye mali atapima, atafurahi, atamshukuru. Ndiyo maana mafundi wakubwa hawategemei mizani peke yake, bali huisugua dhahabu juu ya jiwe jeusi la kujaribia na kuutazama mwandiko wake kwa dawa kali.

Zamani, kwa mapambo ya fedha, mambo yalikuwa mepesi kidogo. Watu wengi walikuwa wakimpelekea mfua fedha riale za Ulaya, zile zenye sura ya malkia na mwaka 1780, akaziyeyusha akafua mitali na furungu. Riale ile ilijulikana uzani wake, gramu 28, na usafi wake, mafungu 833 katika 1,000, na kila mmoja alizijua zilizoingia ni ngapi. Haikosi khiyana ilikuwako hata hapo, ila ilikuwa na mahali pachache pa kujificha.

Sasa na yaulizwe yaliyo muhimu zaidi. Sonara anayetia shaba, au anayepachika lehemu nyingi kuliko haja, kwa nini afanya hivyo? Wako wezi wa tabia, na hao hawana neno. Walakin wengi wao hawakuanza hivyo. Walianza kwa kufanya kazi ya wiki tatu na kulipwa noti mbili. Ujira wao haukupewa pahali pa kukaa, basi ukajitafutia pahali, ukaingia ndani ya dhahabu. Hii si hoja ya kumhalalishia mwizi wizi wake, kwani aliyekosa ujira hakuruhusiwa kuiba amana, na akifanya hivyo ana dhambi kamili. Lakini mwenye kukataa kuutaja ujira asijione msafi. Yeye ndiye aliyeuacha mlango wazi, na wako ambao huuacha wazi makusudi, kwa tamaa kwamba haya ya fundi itawapunguzia gharama.

Na sharia ililitazama jambo hili zamani mno. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik, kwa njia ya Mujahid, kwamba sonara mmoja alimjia Abdalla bin Umar, akamweleza kwamba yeye hufua dhahabu kisha huiuza kwa dhahabu iliyozidi uzani wake, na ile ziada huihesabu kuwa ni kadiri ya kazi ya mkono wake. Ibn Umar akamkataza. Sonara hakukinai, akawa akimrudia kwa suala lile lile na Ibn Umar akimkataza, mpaka wakafika mlango wa msikiti, au alipokuwa mnyama wake aliyetaka kumpanda. Hapo akamkatia neno kwamba dinari kwa dinari haina ziada, wala dirhamu kwa dirhamu, na kwamba hiyo ndiyo ahadi waliyopewa na Mtume (s.a.w.).

Aisomaye khabari hii mara ya kwanza huenda moyo wake ukaelekea kwa yule sonara. Mtu amekaa mbele ya moto, amepoteza macho yake kwa nakshi, kisha aambiwa auze kwa uzani ule ule, kama kwamba mkono wake haukufanya kitu! Na wako wanavyuoni wakubwa waliohisi hivyo. Ibn Taymiya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walisema kwamba pambo la halali, kwa kule kufuliwa, limetoka katika hukumu ya sarafu na limekuwa kama bidhaa, basi yafaa kuuzwa kwa zaidi ya uzani wake na ziada ikawa ni ya ufundi. Kauli yao ina hoja, na si haki kuidharau. Lakini jamhuri ya wanavyuoni, na Mashafi miongoni mwao, hawakuifuata, kwa sababu hadithi zimekuja kwa dhahabu yote, iliyofuliwa na isiyofuliwa, na kwa sababu Fadhala bin Ubaid alinunua siku ya Khaibari kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12, naye alipoitenga dhahabu akaiona imepita dinari 12, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha kwamba kitu cha namna hiyo kisiuzwe mpaka kitenganishwe.

Mpaka kitenganishwe. Hapa ndipo pa kusimama. Hadithi hizi hazikusema kwamba mkono wa sonara hauna thamani. Zimekataza thamani ya mkono kuvishwa nguo ya dhahabu, ikaingia sokoni kwa jina lisilokuwa lake. Ziada ikifichwa ndani ya uzani, mnunuzi hajui analipa nini, wala muuzaji hajui anauza nini, na hatimaye mwenye maarifa ya uzani humla asiyekuwa nayo. Ikitengwa, ikasemwa "hii ni dhahabu, na huu ni ujira," basi ujira huo waweza kuwa mdogo au mkubwa, hata ukapita thamani ya dhahabu yenyewe ikiwa fundi ni wa kutafutwa, na hapana riba wala haya. Kwa hivyo aliyedhani kwamba sharia imemdhulumu yule sonara wa Ibn Umar, na afikiri tena. Imemtaka auseme ujira wake waziwazi. Mwenye kuudharau ufundi ni yule mtu wa vikuku, aliyeuacha bila ya jina.

Na kazi ya namna hii, yaani mtu kuleta dhahabu yake ikafuliwa, si biashara ya dhahabu hata kidogo. Ni ijara: mwenye mali amekodi mkono, na dhahabu ni yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Ijara ina sharti ujira ujulikane. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj kwamba mtu akimpa dobi nguo aifue, au mshoni aishone, na ujira haukutajwa, basi kwa kauli iliyo sahihi mfanyakazi hana ujira. Kisha akataja kauli nyengine, kwamba akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi hiyo hupawa ujira wake, na akaashiria kwamba kauli hiyo yaweza kuonekana njema. Wenye kupenda vya bure huishika ile ya kwanza na kuitia mfukoni. Lakini wafafanuzi wa madhehebu wamesema zaidi ya hapo: kwamba mwenye kazi akitoa neno la kuashiria malipo, kama kusema "nitakuridhisha," au "hutaona ila la kukufurahisha," basi imempasa ujira wa mfano, yaani ule alipwao fundi kama huyo kwa kazi kama hiyo. Na "hatutashindana" ni nini kama si neno hilo kwa lugha ya pwani? Basi yule mtu aliyekunja noti mbili tatu akaondoka, ikiwa ujira wa mfano wa kidani kile ni noti 10, huyo ana deni. Atasali nalo na atakufa nalo, na kule barazani alikuwa akimwita mwenziwe mwizi.

Wengine husema: "Mimi simlipi sonara fedha, namwachia vumbi na vipande vinavyokatika, ndiyo desturi." Desturi hii haifai. Wanavyuoni wa Kishafi wamekataza kumkodi msaga unga kwa pumba za unga ule ule, au mchuna ngozi kwa ngozi anayoichuna, kwa kuwa ujira huo haujulikani kadiri yake wala hauko mkononi wakati wa mapatano. Na vumbi la dhahabu ni kama pumba. Tena lina balaa iliyozidi, kwani pumba haziongezwi kwa kusaga vibaya, na sonara aliyeahidiwa vumbi ataipenda tupa kuliko nyundo.

Ama yule asiyekuwa na dhahabu yake, akaenda kwa sonara na fedha tu, amweke kidani cha tola 5, ampe sehemu leo na sehemu siku ya kukichukua, huyo ameingia katika jambo zito zaidi. Katika vitabu vya kale fulusi za shaba hazikuhesabiwa kuwa na hukumu ya riba, na wako waliodhani kwamba noti ni kama fulusi. Walakin Majmaa ya Fiq-hi ya Kiislamu ya Jidda, katika kikao cha Amman mwaka 1986, ilikata kwamba fedha za karatasi zina hukumu ya dhahabu na fedha katika riba, na kwa hivyo dhahabu haiuzwi kwa noti ila mkono kwa mkono. Njia ya salama si ngumu: anunue dhahabu yenyewe leo kwa noti, atoe na apokee papo hapo, iwe mali yake, kisha amkabidhi sonara aifue kwa ujira. Ujira huo waweza kucheleweshwa wakipatana, kwa kuwa ni malipo ya kazi.

Na mwenye kubadilisha vikuku vya kale kwa vipya vya sonara, akaongeza kitu "kwa ajili ya kazi," na auze vya kale kwa fedha, aishike fedha mkononi, kisha anunue vipya. Ndivyo alivyoelekezwa yule mtumishi wa Khaibari aliyekuwa akibadilisha pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri.

Limebaki jambo ambalo vitabu vya kale havikulirefusha, nalo siku hizi ni ugomvi wa kila mwezi, khasa kwa mafundi wanaofanya kazi peke yao. Ni ile karatasi ya jioni tatu. Mtu humchosha sonara kwa kuchora, "ongeza hapa, punguza pale," hata sura ikitimia huiomba karatasi "aende akawaonyeshe watu wa nyumbani," kisha huipeleka kwa sonara mwengine mwenye ujira mdogo, kwa kuwa kufuata mchoro ni rahisi kuliko kuubuni. Husema, karatasi si mali, na wino si dhahabu, nimechukua nini cha mtu? Amechukua jioni tatu. Tena amechukua kilicho juu ya jioni tatu, nacho ni miaka ambayo macho yale yalijifunza kutofautisha ua lililo hai na ua lililokufa. Majmaa iyo hiyo, katika kikao cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na ubunifu ni haki za kisharia za wenyewe, wala haifai kuzishambulia. Na hata asiyetaka kufika huko, ile hukumu ya ujira wa mfano inamtosha: aliyemwambia fundi "nichoree, hatutashindana," jioni tatu zile zimo katika shingo yake, afue kwake au asifue.

Na katika sera ya Mtume (s.a.w.) pana khabari ya pete. Alipotaka kuwaandikia wafalme, akaambiwa kwamba wao hawasomi barua isiyopigwa muhuri, aliagiza pete ya fedha ikatiwa nakshi ya jina lake na utume wake kwa mistari mitatu, na akakataza mtu yeyote asitie nakshi mfano wa ile. Sababu ya katazo lile ilikuwa ni muhuri, usije ukaigwa mambo yakachanganyika. Si sababu ya sonara na haki yake. Basi isichukuliwe khabari hii ikavutwa mpaka isipofika. Lakini inaonyesha kwamba nakshi si upepo. Ina mwenyewe, na kuiiga kwaweza kuwa ni kosa hata kama fedha iliyotiwa ni ya yule aliyeiga.

Ikiwa kazi imetoka kinyume, sonara asema "uliniambia yasmini" na mwenye mali asema "nilikwambia kilua," hapa pana hukumu iliyo maarufu katika mlango wa mshoni, ambaye alishona joho na mwenye kitambaa akasema aliamrisha kanzu. Iliyo dhahiri zaidi katika Minhaj ni kwamba husadikiwa mwenye mali kwa kiapo chake, mshoni hana ujira, na tena hulipa kilichopunguka katika thamani ya kitambaa. Ni hukumu nzito kwa fundi, kwani neno la mteja na kiapo chake vyaweza kumpotezea kazi ya wiki tatu. Basi fundi mwenye akili hafui kabla ya mchoro kutiwa sahihi na wote wawili, ukaandikwa chini yake uzani, karati, ujira, na siku ya kumaliza. Wako wanaoona kwamba kuandikiana ni kutuhumiana. Qurani imeamrisha deni liandikwe, na aya yake ndiyo ndefu kuliko zote, wala haikuwatuhumu Waumini.

Na dhahabu ikiibwa dukani usiku, au nyumba ikaungua? Katika madhehebu ya Shafi, iliyo dhahiri ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, hadhamini ila alipozembea au kupita mpaka. Lakini ipo khabari iliyopokewa na Rabii bin Suleiman, mwanafunzi wa Imamu Shafi mwenyewe, na yastahili kufikiriwa kwa kituo. Amesema kwamba Imamu alikuwa akiona kuwa fundi hadhamini, walakin hakuwa akiitangaza rai hiyo, kwa kuwaogopea watu na fundi mbaya. Tazama jinsi Imamu alivyojua haki ya fundi mwema na hila ya fundi mbaya kwa pamoja, na jinsi alivyobeba uzito wa kunyamaza. Kila sonara anayepokea tola za mtu na ajue kwamba wabaya wa kazi yake ndio waliomnyamazisha Imamu asiiseme kwa sauti hukumu iliyomnusuru yeye.

Wako Waislamu waonao kwamba sonara akiwa Mhindi asiyekuwa Mwislamu, mambo yote haya yana wepesi: kuuchelewesha ujira wake si kitu, na kuipeleka karatasi yake kwa mwengine ni werevu. Hawa hawana dalili. Seyyidna Ali alipotaka kumwoa Bibi Fatma alipatana na sonara wa Bani Qainuqaa, naye ni Yahudi, waende pamoja wakalete idhkhir, nyasi za kuwauzia masonara, apate gharama ya karamu ya arusi yake. Yamo katika Bukhari. Na mwenye kumwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha akamnyima ujira wake, Mwenyezi Mngu amesema katika hadithi ya qudsi kwamba Yeye ndiye khasimu wa mtu huyo siku ya Kiyama, na haikubaguliwa hapo dini ya aliyeajiriwa.

Sasa na arudiwe yule mtu wa vikuku, kwa kuwa pana jambo ambalo yeye hakuulizwa na sonara, wala hakujiuliza. Vikuku vilikuwa vya mamake. Mamake alikufa akaacha mtoto mwanamume mmoja, ndiye huyu, na mabinti wawili, hana mume wala wazazi. Mirathi haijagawanywa, ilisemwa "tutagawa baadaye," neno ambalo ni ndugu wa "hatutashindana." Katika tola 10 fungu lake ni tola 5, na kila dada ana tola 2 na nusu. Basi alipoitia dhahabu ile katika kalibu, nusu yake ilikuwa ya watu ambao hawakuwapo. Huenda dada zake wangeridhia, kwa kumpenda binti wa ndugu yao. Lakini kuridhia ni baada ya kuulizwa, na awe amebaleghe mwenye kuulizwa, na haya isiwe ndiyo iliyomjibia. Akaenda barazani akamsengenya sonara kwa nusu tola, na tola 5 za dada zake zilikuwa zimening'inia shingoni mwa bi arusi, watu wakizitazama na kuzisifu.

Ama kuzidisha, kama mtali mmoja ukawa na uzani wa dinari 200, nazo ni kama gramu 850, kauli iliyo sahihi zaidi katika Minhaj ni kwamba upindukivu huo ni haramu hata kwa mwanamke. Wachache wenye uwezo wa kuifikia hadi hiyo, na wenye kukopa ili waikaribie ni wengi.

Limebaki lile vumbi. Kila jioni sonara hufagia chini ya meza yake, na akifagiacho si mali ya mtu mmoja: mna chembe za kikuku cha huyu na za mkufu wa yule, zimechanganyika na majivu na mchanga. Wanavyuoni wa Kishafi wamekataza kuuza udongo wa masonara kabla haujasafishwa, kwa kuwa kilichokusudiwa ndani yake hakionekani wala hakijulikani kadiri yake. Katika miji ya Bara Hindi, kama Bombay, wako watu ambao kazi yao ni kuzoa taka za mitaa ya masonara na kuziosha, wakala kwa chembe hizo. Sonara mwaminifu haliachi jambo hili mpaka jioni. Humwambia kila mwenye mali wakati wa kupima, kabla ya dhahabu kuingia motoni: patapotea kiasi hiki, na vumbi litakalosalia nitakurudishia, au nisamehe ukipenda. Akisamehewa kwa ulimi, na ujira wake umekwisha tajwa kando, vumbi lile limekuwa lake kwa halali. Asiposamehewa, hulikusanya katika kijaluba chenye jina la mwenyewe.